Waliowekwa Kimyani

Twilumba Mligo alikuwa ameshatazama makasha sitini na mawili, na hakuna hata moja lililomfanya arudishe jicho mara ya pili. La sitini na tatu lilimfanya.

Lilikuwa kasha la Sayuni Kilasi, mama wa makamo aliyepinduka na trekta kwenye mashamba ya pareto. Siku zake ishirini na moja zilikuwa zimetimia. Twilumba aliingia peke yake kwenye chumba cha kutazamia, ambako kasha lilikuwa limesogezwa, kama sheria ilivyotaka. Akapanda kibao kwa kuwa alikuwa mfupi, akasogeza kifuniko cha kidirisha kisichozidi kiganja, akawasha taa ya ndani, akatazama.

"Nimeona maiti," akatamka kwenye kinasa sauti.

Kwa kawaida angefunga kidirisha hapo hapo na kwenda kunawa uso. Lakini mkono wa kulia wa yule mama ulikuwa juu, umekaza ngumi, karibu unagusa mfuniko. Ngozi ilikuwa imechubuka kwenye vifundo vya vidole. Na kwenye kitambaa cheupe kilichofunika chuma kwa ndani, palikuwa na madoa ya kahawia, mengi, yamerundikana mahali pamoja.

Twilumba alitazama tena. Kisha akafunga.

Kituo cha Isitu kilikuwa milimani, mwendo wa nusu saa juu ya mji wa Njombe, mahali ambapo ukungu huingia vyumbani kama mtu mwenye funguo zake. Waliletwa pale majeruhi ambao hospitali zote zilikuwa zimekwisha kuwanyanyulia mikono. Hawakuletwa kutibiwa. Waliletwa kufungiwa. Kila mmoja alichomwa dawa ya kugandisha mwili, akawekewa dripu na mtungi wa hewa, kisha akafungwa ndani ya kasha lenye kuta saba ambalo halikuvujisha sauti, wala joto, wala mwanga. Mjini walisema fulani "yuko kimyani", na waliposema hivyo walishusha sauti.

Maelezo ya kituo yalikuwa mafupi, na jamaa wote walisomewa kabla ya kutia sahihi. Mtu ambaye hakuna habari yoyote inayotoka kwake kwenda kwa mtu mwingine, hajafa wala hajapona. Yuko katika hali zote mbili kwa pamoja. Anayemfanya awe kimoja ni yule atakayemtazama. Ndiyo maana palikuwa na mashahidi, watu waliofunzwa kutazama bila kutamani lolote, na ndiyo maana palikuwa na siku ishirini na moja: kadiri alivyosubiriwa, ndivyo upande wa uzima ulivyopata nguvu.

Kati ya makasha sitini na matatu, Twilumba alikuwa ameona hai ishirini na sita. Hao walichukuliwa na Daktari papo hapo, na shahidi hakuwahi kuwasikia wakizungumza.

*

"Daktari, yule mama aligonga," alisema.

Daktari Philberta Kihombo, mkuu wa kituo, alikuwa mezani kwake anakata parachichi. Mama wa miaka sitini, mrefu, mwenye sauti ya upole ambayo haikuwahi kupanda. Ndiye aliyeanzisha kituo, na ndiye aliyeandika kitabu cha maelekezo.

"Aligonga lini?"

"Kabla sijatazama."

"Kabla hujatazama hapakuwa na aliyegonga." Alimkatia kipande, akamsogezea. "Sikiliza, Twilumba. Ulipotazama, amekuwa mtu aliyekufa. Mtu aliyekufa lazima awe na mambo yaliyomtangulia. Kugonga kumo. Vyote vimekuja kwa pamoja, mwisho na mwanzo wake, dakika ile ile ulipowasha taa. Kwa hiyo usijilaumu kwamba umechelewa. Hapakuwa na mtu wa kumchelewea."

"Na yeye mwenyewe? Yeye hakujiona yumo?"

Daktari alikata kipande kingine.

"Aliye ndani hahesabiwi," Daktari alisema. "Kula."

Twilumba hakula. Alitoka akitembea polepole kwenye korido ndefu, makasha yamepangwa kushoto na kulia, huku akijaribu kufikiria kitu kimoja tu ambacho kingeweza kuonekana ndani ya kasha na Daktari akashindwa kukieleza. Barua? Ingesemwa imekuja pamoja na kifo. Laana iliyoandikwa kwa damu? Vilevile. Jibu lile halikuwa na ufa hata wa kupitisha ukucha, na hilo ndilo lililomtia mashaka. Katika miaka yake yote, watu wenye majibu ya namna ile walikuwa ni watu wanaoficha kitu.

Mchana alikwenda chumba cha maiti, mahali ambapo shahidi hakuwa na kazi ya kufanya. Sayuni Kilasi alikuwa ameshaoshwa, anasubiri ndugu zake. Mikono yake miwili ilikuwa imezungushiwa bendeji nyeupe hadi viwikoni.

"Aliumia mikono kwenye trekta?" alimuuliza mhudumu.

"Hapana, kifua. Mikono tunaifunga yote, dada. Ni agizo."

"Yote ipi?"

"Ya kila anayetoka amekufa." Mhudumu alimtazama kwa kushangaa kidogo. "Tangu nianze kazi. Nilidhani nyie mnajua."

*

Siku tatu baadaye akaletwa Gwakisa Mwasomola, fundi wa nyaya kubwa za umeme, kijana wa miaka thelathini na moja aliyeanguka kutoka juu ya mnara. Aliyetia sahihi alikuwa dada yake mkubwa, Atuganile, mwalimu wa darasa la nne. Wazazi hawakuwapo tena. Yeye ndiye aliyemlea Gwakisa. Alisomewa maelezo yote, akauliza swali moja tu: je, anaruhusiwa kukaa kituoni? Akaambiwa anaruhusiwa kukaa barazani, si ndani. Basi kila alasiri akawa anapanda na gari la walimu, anakaa kwenye benchi la baraza na rundo la madaftari, anasahihisha.

Wiki hiyo mafundi walikuwa wanarekebisha sakafu ya baraza ile. Twilumba aliwaomba pimamaji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na povu dogo linaloonyesha kama kitu kimekaa sawa. Aliwaambia ni kwa ajili ya kabati lake.

Hakika hakuwa na nia ya kabati. Makasha yalikaa juu ya springi nene, ili mtikisiko wa nje usiwafikie waliomo. Twilumba alijiuliza kama springi zile hazifanyi kazi kinyumenyume pia. Kuta saba zinaweza kuzuia sauti na joto. Uzito je? Mtu akijigeuza upande, uzito wake unakwenda wapi?

Alijua kosa analotaka kulifanya. Kitabu cha maelekezo kilisema wazi: kutazama si jicho tu, chochote kitokacho kwa aliye ndani kikamfikia aliye nje, hata mtikisiko, ni kutazama. Kama Daktari alikuwa anasema kweli, kuweka pimamaji juu ya kasha la Gwakisa ni sawa na kumwamulia kufa au kupona kabla ya wakati wake. Alisimama na kile kipande cha mbao mkononi mpaka kiganja kikatoa jasho. Kisha akakiweka.

Povu lilitulia katikati. Likakaa. Alipokuwa anataka kukiondoa, lilisogea, upana wa punje ya mchele, likarudi.

Labda ni hatua za mtu kwenye korido. Alitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Labda ni mapigo ya moyo wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameegemea. Akajitenga na kasha, akafunga mikono nyuma. Povu likasogea tena.

Siku ya tano lilisogea mara nne katika robo saa. Siku ya saba mara moja. Siku ya nane, asubuhi, lilisogea kidogo sana, hata hakuwa na hakika. Mchana wa siku ya tisa alisimama pale saa nzima. Povu lilikaa katikati kama limechorwa.

*

Atuganile alikuwa barazani, kalamu nyekundu mkononi. Twilumba alikaa karibu naye akamwambia yote: vidole vya Sayuni Kilasi, bendeji, pimamaji. Hakumficha hata yale yaliyomshtaki yeye mwenyewe.

"Inawezekana kwa kupima tu nimeshamwamulia," alisema. "Kama kitabu ni kweli, nimekosa tayari."

Atuganile hakupandisha sauti. "Hukutakiwa kuniambia."

"Najua."

"Hujui. Mimi sasa nina ndugu nusu. Watoto wananiuliza shuleni, mwalimu, mdogo wako amepona? Nawaambia bado. Hilo 'bado' ndilo linaloniamsha asubuhi. Unataka nilitoe?"

"Hakuna mtu nusu, dada yangu."

"Una hakika?"

Twilumba alitamani kusema ndiyo. "Sina."

"Basi unataka nimuue Gwakisa kwa sababu wewe huna hakika."

"Au tumwache afe kwa sababu mimi sina hakika. Nimezungusha kichwa siku tisa. Kama Daktari yuko sahihi, nikifungua leo ninampunguzia nafasi ya kupona. Kama hayuko sahihi, yule ni mtu mmoja tu, yuko macho, dawa imemwishia mapema, na dripu yake ilipimwa kwa mtu aliyelala. Sina njia ya kujua bila kufungua. Na nikifungua nikakuta maiti, sitajua hata hapo. Nitazeeka sijui."

Atuganile alitazama daftari lililokuwa wazi mapajani pake. Mtoto alikuwa amekosea kugawanya, akafuta, akakosea tena palepale.

"Mara ya mwisho hicho kitu kilisogea lini?"

"Jana asubuhi."

"Na leo?"

"Leo hakijasogea."

Atuganile alikusanya madaftari yote akayaweka kwenye mfuko, moja juu ya jingine, pembe kwa pembe, bila haraka. Kisha akasimama.

"Hutatazama peke yako," alisema. "Akifa, tumemuua sote wawili. Sitaki kukaa maisha yangu yote nikikuchukia."

Sheria ilikataza macho ya watu wawili. Kidirisha chenyewe kilitosha uso mmoja. Kwa hiyo hawakukigusa. Twilumba alifungua vitasa vinne vya mfuniko, kimoja baada ya kingine, hewa ya baridi ikafyonzwa ndani kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi, wakainua pamoja.

Harufu iliwapiga kwanza, mkojo na jasho. Kisha wakamwona. Midomo imepasuka, ndevu zimeota, mashavu yamezama. Mikono yote miwili ilikuwa kifuani, vidole vimevimba.

"Gwaki," Atuganile aliita.

Kope zilicheza. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka.

"Zima taa," alisema Gwakisa. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Inaniumiza."

Atuganile alipiga magoti, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa chuma na kulia kwa kelele, kilio cha mtu ambaye amekibana siku tisa. Twilumba alizima taa, akakimbilia maji.

*

Daktari Kihombo alifika wakiwa wamemkalisha kwenye kiti cha magurudumu, wanamnywesha kwa kijiko. Twilumba alitegemea hasira. Lakini Daktari aliinama, akampima mapigo, akamtazama mboni za macho, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Siku ya tisa," alisema. "Na mmetazama wawili. Mnaona mlichofanya? Macho ya watu wawili, na mmoja mwenye upendo. Upande wa uzima umeshinda kabla ya wakati. Twilumba, hili lazima liandikwe."

"Daktari, alikuwa hai muda wote."

"Amekuwa hai muda wote, tangu mlipofungua."

Gwakisa alisukuma kijiko pembeni. "Mama, mimi nilikuwa humu. Niliamka siku sijui ya pili. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nikaimba nyimbo zote za kwaya yetu, nikarudia. Nikagonga. Baadaye nikaona bora nitulie, nitunze nguvu."

"Unakumbuka hivyo," Daktari alimwambia, kwa upole uleule. "Kukumbuka kwamba ulikuwa humo na kuwa humo si kitu kimoja, mwanangu."

Gwakisa hakuwa na nguvu za kubishana. Aligeuza shingo, taratibu, akaangalia korido, makasha yaliyopangwa kushoto na kulia.

"Hayo mengine yana watu?"

"Kumi na wanne," Twilumba alisema.

"Basi mnangoja nini?"

Hakuna aliyetoa amri. Twilumba alikwenda kwenye kasha lililokuwa karibu, Atuganile upande wa pili, wakaanza kufungua vitasa. Mhudumu wa chumba cha maiti alisikia vyuma, akaja, akasimama mlangoni akaona kijana aliyekaa kwenye kiti anakunywa maji. Akavua koti lake akaanza na kasha la tatu. Twilumba alimtegea Daktari sikio, akingoja awaite walinzi. Daktari hakuita mtu. Alikuwa ameondoka haraka, karibu anakimbia, kuelekea mwisho wa korido.

Walifungua yote kumi na manne. Tisa walikuwa hai. Wawili kati yao walikuwa macho na mmoja akamuuma mhudumu mkono alipojaribu kumwinua. Watano walikuwa wamekufa. Wa mwisho kati ya hao, mzee wa Makete, alikuwa bado na joto kwapani. Twilumba alisimama na mkono wake pale kwenye joto lile. Kama angefungua jana. Kama angeanza na kasha hili badala ya lile. Hakukuwa tena na kitabu cha kumwambia kwamba hapakuwa na mtu wa kumchelewea. Alimfunika, akamwomba radhi kwa jina lake, kisha akaenda mwisho wa korido.

*

Palikuwa na kasha moja pale, mbali na mengine, nyuma ya pazia la kijani. Mashahidi walikuwa wameambiwa ni la majaribio, halina kitu. Daktari Kihombo alikuwa ameliegemea kwa mgongo, mikono ameitandaza kando, viganja vimegandamana na chuma.

"Hili hapana," alisema.

Twilumba alisimama mbali kidogo. Kwa mara ya kwanza sauti ile ilikuwa imepanda.

"Ni nani, Daktari?"

"Ananiya. Mume wangu. Ndiye wa kwanza. Kabla hapajawa na kituo. Miaka minne na miezi miwili."

"Hukuwahi kumtazama?"

"Siku ya ishirini na moja ilipofika niliogopa. Nikasema nimpe wiki moja zaidi. Nikampa. Kisha nikaona kwamba kadiri ninavyongoja, ndivyo anavyozidi kuwa na nafasi. Ni hesabu, Twilumba. Ni hesabu safi."

"Na bendeji?"

"Jamaa wangeuliza kama ulivyouliza wewe. Mimi nina jibu. Lakini sikutaka kulitoa kila siku."

Kutoka nyuma kulikuja sauti ya mtu anakohoa, na ya Atuganile akimwambia mtu anywe polepole. Daktari alifumba macho.

"Unajua unachonitaka nikubali?" alisema. "Ukiwa sahihi wewe, basi aliamka. Siku ya pili, ya tatu. Aliita. Na aliniita mimi, maana hakuwa na mwingine. Nami nilikuwa chumba cha pili, nimefunga mlango, naandika kitabu cha maelekezo. Ukiwa sahihi wewe, na wale wote walikuwa vivyo hivyo. Mia moja na arobaini. Nani anaweza kukubali jambo kama hilo halafu akaendelea kusimama?"

Twilumba alifikiria wale thelathini na saba aliowatamkia maiti yeye mwenyewe, kila mmoja kwa sauti tulivu aliyofunzwa.

"Sijui," alisema. "Mimi nimekubali leo. Bado nasimama, ila sijui kwa muda gani."

Alisubiri. Hakumshika, hakumsogeza. Angeweza kumsukuma pembeni, mama mwenye miaka sitini. Lakini aliona kwamba kasha hili halikuwa lake kulifungua.

Hatimaye Daktari aligeuka. Alisukuma kifuniko cha kidirisha upande usio wake, Twilumba akamsaidia kukisogeza na kurudi nyuma. Daktari aliwasha taa ya ndani, akainama, akasogeza uso.

Alitazama kwa muda mrefu. Twilumba alimwona mgongo tu, na nywele za mvi zilizofungwa kisogoni. Alingoja maneno mawili ya sheria. Hayakuja.

"Yupo," Daktari alisema, bila kutoa uso kidirishani. "Amekufa, lakini yupo. Nimewaambia watu miaka minne kwamba hayuko popote, kumbe alikuwepo hapa."

Akakaa chini sakafuni, magoti yamekunjwa kama mtoto wa shule. Twilumba alikaa naye kidogo. Kisha akainuka akarudi, maana huko kwenye korido watu walikuwa wanaomba maji, na kila mmoja alisikika.